Haya Mwanangu, Achia

Asubuhi moja mashine ilipiga picha ya kitanda kitupu, na kitanda kikaonekana kina mtu.

Si mtu mzima, tusiongeze chumvi. Kilikuwa kidoa tu, cheupe, cha duara, ukubwa wa gololi, kikielea juu ya kitanda pale ambapo kifua cha mgonjwa kingekuwepo kama mgonjwa angekuwepo. Fundi picha alikitazama kwenye kompyuta, akakuna kidevu, akakiuliza, "Na wewe umekuja bila karatasi ya daktari?" Akacheka peke yake, maana alikuwa mtu wa kucheka, hata msibani alikaa karibu na mlango ili kicheko kikimtoroka akifuate nje.

Alipoinua macho aliona kioo kinachotenganisha chumba chake na chumba cha mashine kimeshika mvuke, duara moja la ukubwa wa sahani, kama pale mtoto anapopumulia dirisha. Akaenda kulifuta kwa kiwiko. Halikufutika. Akafuta tena kwa nguvu, kisha akaelewa. Mvuke ulikuwa upande wa pili.

"Joto," alisema. Akaenda kunywa chai.

Hospitali nzima ilimwita Vuta, na jina hilo lina asili yake. Mashine ile ya CT, ya kupiga picha za ndani ya mwili, duara kubwa kama tairi la trekta lililosimamishwa wima, ilipoletwa ilikuwa ikiongea na wagonjwa kwa lugha ya huko ilikotengenezwa, na wagonjwa wazee walikuwa wakiitikia "Amina." Vuta akaona mchezo huo hauendi popote. Akamchukua mama yake, mwanamke aliyeuza ndoo za plastiki sokoni kwa miaka ishirini na ambaye sauti yake ilifika kwa mteja kabla mteja hajafika sokoni, akamkalisha mbele ya kinasa sauti, akamrekodi maneno vipande vitatu. Cha kwanza: "Vuta pumzi, mwanangu, jaza kifua." Cha pili: "Shikilia, usitikisike." Cha tatu: "Haya, mwanangu, achia." Mwaka wa pili baada ya hapo mama akafariki. Hakuwa mtu wa simu wala wa picha. Sauti yake ilibaki mle kwenye mashine tu, ikiamrisha watu wasiomjua, na watu wote wakitii, kama alivyopenda.

Sasa, kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine ile hupigishwa picha ya hewa tupu. Lazima ijue utupu unafananaje, isije ikamsingizia mtu ugonjwa ambao ni wake yenyewe. Kazi hiyo haihitaji sauti. Lakini Vuta, kwa mapenzi ya mtoto kwa mamaye na kwa kuhakikisha spika inafanya kazi, aliiwasha. Kipande cha kwanza na cha pili hujipiga vyenyewe. Cha tatu mpaka ubonyeze kitufe. Na nani abonyeze kitufe cha kumwachia mtu ambaye hayupo? Vuta alikuwa akisikia "Shikilia, usitikisike," anafunga mlango, anakwenda zake kwenye chai.

Alifanya hivyo miaka tisa.

Mgonjwa wa kwanza siku ile ya kidoa aliletwa na kiti cha magurudumu kutoka wodi ya damu, ghorofa ya tatu. Alikuwa mdogo wake mwenyewe, wa kike. Wao walikuwa wawili tu, Vuta na huyu waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama. Kitinda alikuwa fundi cherehani, mwembamba kama sindano yake, na tangu miezi miwili iliyopita alikuwa na saratani ya damu.

"Kaka, leo usinifanyie vituko," alisema akipandishwa kitandani. "Nikicheka mbavu zinauma."

"Vituko mimi? Mimi ni mtumishi wa umma."

"Mtumishi wa umma anavaa soksi mbili tofauti?"

"Hizi ni pacha. Hazikufanana tu."

Akacheka, akashika ubavu, akamwita mshenzi. Kicheko kilikatikia kwenye kikohozi. Homa ilikuwa imemganda siku ya tano. Dawa ya saratani ni kama askari mlevi, akiingia mtaani kumsaka mwizi mmoja anacharaza nyumba nzima, na ndani ya damu ya Kitinda hakikubaki kinga hata ya kumfukuza nzi.

Sauti ya mama ikatoka. "Vuta pumzi, mwanangu, jaza kifua."

Kitinda akafumba macho, akavuta. Ilipofika "achia" akaachia, na machozi mawili yakamtelemkia masikioni. "Bado anatuamrisha," alisema. "Kaka, nikimsikia anasema achia, ndipo ninapoamini nitatoka humu."

Vuta akaingia kumshusha kitandani.

Daktari anayesoma picha aliitwa Mama Kivuli, kwa sababu mkate wake ulikuwa vivuli. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, taa zimezimwa ili kompyuta ionekane vizuri, hivyo ndani mwake kulikuwa usiku hata saa nne asubuhi. Vuta alisimama nyuma ya kiti chake.

"Ukungu," Mama Kivuli alisema. "Ule ule wa kwenye mkate uliosahaulika. Tunauvuta sote, mimi, wewe, mkurugenzi na tumbo lake. Kwetu unakamatwa mlangoni. Kwa mdogo wako mlango hauna bawabu. Tena huko nyuma ya wodi yao wanavunja ukuta wa zamani, vumbi siku nzima."

"Unatibika?"

"Kuna dawa. Tunaianza leo." Akavuta picha karibu. "Ila umbo lake silipendi. Kwa kawaida kunakuwa na donge jeupe, halafu kama moshi umelizunguka kwa nje, kama taa ya barabarani wakati wa mvua. Hili limegeuzwa. Ndani moshi, nje pete. Hutokea, lakini mara chache. Katika miaka yangu nimeona mawili."

Akapima. Milimita kumi na nane.

Vuta alirudi kwenye mashine yake, akafungua picha ya asubuhi, ile ya kitanda kitupu, akapima gololi lile. Milimita kumi na nane. Mahali pale pale, kimo kile kile juu ya kitanda. Moyo ukamruka kwa furaha kabla ya kumruka kwa hofu. Kumbe ni mashine! Kumbe mashine ina taka kwenye jicho, na Kitinda hana kitu! Akapiga tena picha ya hewa tupu kuthibitisha.

Kitanda kilikuwa kitupu. Safi. Hapakuwa na kidoa tena.

Kidoa kilikuwa kimehama.

Wiki mbili zikapita kwa dripu. Kinga ya Kitinda ikaanza kurudi na muuguzi wa wodi akapiga makofi, lakini homa haikushuka, na kitandani pake palianza kunuka. Harufu yenyewe haikuwa ya kidonda wala ya dawa. Ilikuwa ya chini ya godoro la zamani, ya ndani ya mtungi uliofunikwa na kusahaulika, harufu ya mahali palipofungwa muda mrefu. Walibadilisha shuka. Walibadilisha kitanda. Harufu ilikuja Kitinda alipopumua, na kadiri siku zilivyokwenda alipumua kidogo kidogo, kama anayeibia.

Akarudishwa kwa picha ya pili. Safari hii Mama Kivuli mwenyewe alitoka gizani kwake akaja kusimama nyuma ya kioo.

"Mwezi mchanga," alisema picha ilipojitokeza, akaonyesha hilali nyeusi ya hewa kandokando ya donge. "Nilikuwa nautarajia. Kinga imerudi, inakata nyama iliyokufa, donge limejitenga, hewa imepata nafasi. Ni dalili ya kupona. Na ndio wakati wa hatari, maana mishipa ya damu iko jirani." Kisha akasogeza uso karibu na kompyuta. "Mbona mwezi uko chini?"

"Uwe wapi?"

"Amelala chali. Donge ni zito, hulala chini, mgongoni. Hewa hukaa juu. Hapa donge liko juu. Mgeuze alale kifudifudi. Kama liko huru ndani ya shimo lake litaanguka kama gololi kwenye kopo. Lisipoanguka basi limeshikamana, na tufikirie vingine."

Vuta aliingia kumgeuza mdogo wake. Mifupa yake ilikuwa myepesi kama mabua. "Kaka," alinong'ona uso ukiwa kwenye mto, "mwambie huyo mwingine asogee."

"Mwingine yupi?"

"Anayevuta pumzi baada yangu."

Vuta alitoka. Aliongeza sauti ya spika inayomleta mgonjwa masikioni mwa fundi. Mama akasema vuta pumzi, mwanangu. Kitinda akavuta, pumzi fupi yenye mkwaruzo. Na baada ya pumzi hiyo kwisha, ndani ya chumba kile chenye mtu mmoja, hakikusikika kitu chochote, ila ule ukimya wa mtu ambaye kifua chake tayari kimejaa na hana mahali pa kuongeza.

Picha ikaja. Donge lilikuwa limehama. Lilikuwa tena juu.

"Limeanguka," Mama Kivuli alisema taratibu, "kwenda juu."

"Vitu huanguka juu, daktari?"

"Rudia."

Alirudia. Safari hii donge lilikuwa limesogea tena, limekaa kwenye mdomo kabisa wa njia ya hewa, limejibana pale kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango akingoja aambiwe apite. Mama Kivuli alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Kwenye ripoti nitaandika nini?" aliuliza, na hakuwa akimuuliza Vuta.

Shangazi yao ndiye aliyeleta mganga. Alimwingiza saa ya kutazama wagonjwa, akamwambia muuguzi ni mjomba wa ukoo, mzee mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Lakini wodi ya damu ina sheria mlangoni, na muuguzi wa pale angeweza kumpekua hata malaika.

"Mkoba," alisema.

Mganga akautoa kwa unyonge. Muuguzi akachambua. "Ubani? Moshi hapana, haya ni mapafu. Majani? Mmea hauingii humu, unabeba ukungu. Mizizi, hapana. Hiki kikopo cha udongo, mzee wangu, unataka kuua wodi nzima? Maji ya wapi haya? Yamechemshwa?"

"Ni maji ya kazi, binti yangu."

"Hata kazi huchemshwa."

Akavalishwa barakoa, kofia na gauni la kijani linaloburura. Akaingia kwa Kitinda mikono mitupu, akasimama katikati ya chumba kama dereva aliyepokonywa usukani na bado abiria wanamtazama. Vuta, pamoja na dhiki yote, nusura acheke.

"Sasa, mzee, utafanya nini?" aliuliza.

"Nitasikiliza," mganga alisema. "Mmeniachia masikio."

Akainama, akatega sikio kifuani kwa Kitinda, ambaye alikuwa amelala macho nusu wazi. Akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka barakoa yake ilikuwa imebana usoni kwa jasho.

"Nani alimwambia ashike pumzi?"

"Nani, Kitinda?"

"Huyu wa ndani. Hakuja kwa ubaya. Aliagizwa. Aliambiwa avute, akavuta. Akaambiwa ashike, akashika. Hajaambiwa aachie. Ni miaka hiyo, mwanangu, kifua kinampasuka, akaona hapa kwa binti pana nafasi, akaja kupumzisha mzigo."

Vuta akaketi kwenye ndoo ya taka, akasimulia kwa sauti ya chini, kila asubuhi, kitanda kitupu, vipande viwili, chai.

"Lakini kila siku mama anasema achia," alijitetea. "Wagonjwa ishirini, thelathini kwa siku, wote wanaambiwa."

"Wanaambiwa wao. Huyu ana adabu kuliko sisi, hapokei amri ya mwenzake. Aliagizwa akiwa peke yake chumbani. Akaachiwe akiwa peke yake chumbani. Na kwa sauti ile ile. Hamjui mwingine."

"Na baada ya hapo?"

Mganga alianza kuvua gauni. "Baada ya hapo sijui. Sijawahi kusema nao bila moshi." Akamwangalia Kitinda, akamwangalia shangazi, akatoka haraka haraka, na mkoba wake akausahau mlangoni.

Vuta hakungoja. Wagonjwa wa mchana walikuwa wamekwisha, korido imejaa mwanga wa jua na harufu ya sabuni ya sakafu. Alifunga mlango wa chumba cha mashine, kitanda kikiwa kitupu, akaketi nyuma ya kioo, akawasha sauti.

"Vuta pumzi, mwanangu, jaza kifua."

Kimya.

"Shikilia, usitikisike."

Aliweka kidole kwenye kitufe cha kipande cha tatu. Alitaka kusema kitu, msamaha, utani, chochote, lakini mdomo wake, ambao haujawahi kukosa neno tangu alipoota meno, ulikuwa mkavu kama ngozi ya ngoma. Akabonyeza.

"Haya, mwanangu, achia."

Mwanzo kilikuja kitu kama upepo unaopita chini ya mlango, halafu kama gari moshi linaloachia mvuke mbali, halafu kikawa karibu, kikawa pale pale kitandani, pumzi moja inayotoka na kutoka na kuendelea kutoka, na shuka la karatasi lililotandikwa juu ya kitanda likapepea na kukunjika na kuanguka, na harufu ile ya mtungi uliofunikwa ikapenya mpaka upande wake akaziba pua kwa mkono, na kioo kikashika mvuke kuanzia chini mpaka juu mpaka hakuona tena mashine wala kitanda wala ukuta, na pumzi bado inatoka, ya siku moja, ya mwaka, ya miaka tisa, mpaka mwishowe ikapungua, ikawa uzi, ikakatika. Na mwisho kabisa akasikia sauti ndogo ya shukrani, ile ambayo kila mtu huitoa akitua ndoo kichwani.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi. "Njoo huku! Mdogo wako amekohoa!"

Alipanda ngazi tatu tatu. Kulikuwa na damu kidogo kwenye shuka, si ya kutisha, na Kitinda alikuwa ameketi, ameketi mwenyewe, akihema pumzi kubwa kubwa kama mtoto aliyetoka kulia.

"Kaka," alisema, "nina njaa."

Shangazi akapiga vigelegele mpaka muuguzi akatishia kumfukuza. Homa ilishuka kabla ya jua kutua. Mama Kivuli aliomba picha na picha ikaonyesha shimo tupu, kuta zake safi, bila donge, bila mwezi. "Sijawahi," alisema tu. "Sijawahi." Vuta akacheza korido nzima, akamwigiza mkurugenzi akitembea na tumbo lake, akamwigiza Mama Kivuli akivua miwani, akamwigiza mganga anaporwa mkoba, akaigiza hata lifti inavyonung'unika ikifika ghorofa ya pili. Kipaji alikuwa nacho. Hakuna mtu katika jengo lile ambaye hakuwa ameigizwa na Vuta. Mtu mmoja tu hakumgusa maisha yake yote, hata kwa mzaha wa nyumbani, naye ni mama yake. Kila alipojaribu koo lilifunga.

Jioni, kabla ya kuondoka, aliketi peke yake mbele ya kompyuta. Alifikiri kama anavyofikiri mtu aliyeponea chupuchupu, yaani upesi na upande mmoja. Aliona sauti ile ndiyo mlango. Isipoita tena, hakuna atakayeitika tena. Kitinda angeumia, ndiyo, lakini Kitinda angekuwa hai wa kuumia. Akavichagua vipande vyote vitatu. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. "Mama, nisamehe," alisema, akabonyeza ndiyo.

Asubuhi iliyofuata alikuja na soksi zinazofanana. Akapiga picha ya hewa tupu bila sauti yoyote. Picha ikaja nyeusi, safi, kama inavyotakiwa. Akapiga mluzi. Akashika kitasa aende kwenye chai.

Nyuma yake, kwenye spika, mtu akavuta pumzi.

Hakuna aliyemwamrisha. Ilikuwa pumzi ya kawaida tu, ya kiumbe yeyote aliyemaliza kutoa na sasa zamu imefika ya kuingiza, na Vuta akasimama na kitasa mkononi akishangaa kwamba jambo dogo hivyo, ambalo hata kuku analijua, halikumpitia kichwani wala yeye wala mganga wala mtu mwingine, kwamba atoaye pumzi lazima avute. Shuka la karatasi likainuka taratibu kuelekea hewani. Mvuke uliobaki pembeni mwa kioo ukavutwa ukaisha. Mlango uliokuwa mkononi mwake ukajibamiza wenyewe. Pumzi ikaingia, ikaingia, ikajaa. Kisha ikakoma.

"Achia!" Vuta alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Haya, achia! Achia, nakuomba, ndugu yangu, achia!"

Hakuna kilichotikisika. Na simu ikaanza kulia, na kabla hajaipokea alijua inatoka ghorofa ya tatu.

Alifika akiwa na kiatu kimoja. Kitinda alikuwa amelala chali, macho wazi, kifua kimeinuka, kimebaki juu. Alikuwa amevuta pumzi akizungumza na shangazi habari za kitambaa cha sare za shule, muuguzi alisema, akavuta katikati ya neno, na hajaitoa. Daktari wa wodi alikuwa ameshambana kinyago cha hewa usoni, akifinya puto la kupumulia kwa mikono miwili, na puto halikuminyika. "Haiingii," alisema, jasho likimdondoka. "Kifua kimejaa. Haiingii na haitoki. Sijui nifanye nini." Harufu ya mtungi ilikuwa imejaa chumba. Midomo ya Kitinda ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya wino.

"Ile sauti," shangazi alimshika Vuta ukosi. "Ya wifi yangu. Kailete ile sauti ya mama yako!"

"Nimeifuta," Vuta alisema.

"Umefanyaje?"

"Nimeifuta, shangazi."

Wote wakamgeukia, shangazi, muuguzi, daktari aliyeshikilia puto lisilominyika, wakimtazama kama watu wanavyomtazama mchekeshaji jukwaani pale taa inapomwangukia, wakingoja, naye akaelewa wanachongoja kabla wao hawajaelewa, akapiga magoti kando ya kitanda, akashika mkono wa mdogo wake uliokuwa baridi na vidole vyenye sugu ya mkasi, akalifungua koo lile lililokuwa likifunga siku zote, akamtafuta mama yake humo ndani, mama wa ndoo, mama wa sokoni, mama wa kuwaamsha alfajiri, na kwa mara ya kwanza maishani akamwigiza mtu bila kutaka mtu yeyote acheke.

"Haya, mwanangu, achia."

Na alimpata. Naapa alimpata, sauti, mkwaruzo wake, ule mteremko wa mwisho wa neno, mpaka shangazi akaziba mdomo kwa mikono miwili na kurudi nyuma hadi ukutani.

Macho ya Kitinda yakageuka polepole, yakamtazama kaka yake. Yakamtazama sana, kwa upole, kama yanavyotazama macho ya mtoto mwenye adabu aliyeachwa kwa jirani akaambiwa asitoke na mtu yeyote ila mama. Mdomo ule wa wino ukatabasamu kidogo. Kisha kichwa kikatikisika kwenye mto, mara moja kushoto, mara moja kulia, na kifua kikaendelea kushikilia.